Datsun 240Z inazima kwenye foleni ikipata joto, nianzie wapi?

BluuZ
Wakuu, habari zenu. Gari ni 240Z ya 1972, injini L24, kabureta mbili za Hitachi aina ya SU, pampu ya petroli ile inayosukumwa na kamshafti. Bodi imekamilika: sakafu na trei ya betri vilikuwa vimeoza, vimechomelewa bati jipya. Ikiwa baridi inawaka mara moja, na barabara ikiwa wazi inakwenda vizuri. Ikikaa foleni ya Ubungo mchana inaanza kumisi, inazima, na haiwaki mpaka ipoe. Geji ya joto iko katikati, haichemshi. Nimeshauriwa nitoe SU niweke kabureta tatu za Weber za milimita 40. Hiyo ndiyo dawa?

SpanaKumi
Mkuu, shikilia hela yako. 240Z imeshinda Safari Rally 1971 na 1973, joto la huku si geni kwake. Kuna kitu hakikurudishwa wakati wa kuunganisha.

Kwanza jua umekosa moto au petroli. Ikizima tu, chomoa waya wa plagi moja, weka plagi nyingine kwenye waya huo, igusishe kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Fanya mbali na petroli iliyomwagika. Cheche ikiwa dhaifu na ya njano, shika koili. Koili ya asili ina takriban omu 1.5 na inahitaji rezista ya nje. Mafundi wengi wakipanga waya upya wanairuka ile rezista, koili inaungua taratibu na pointi za distribyuta zinaliwa. Cheche ikiwa ya bluu, achana na umeme.

Halafu fungua kifuniko cha tangi. Ikivuta hewa kwa nguvu, mipira ya kupumulia nyuma ya trim imeziba.

MzeeWaSU
Nakubaliana na SpanaKumi, ila kwa dalili hizo mimi naenda moja kwa moja kwenye mvuke. Kichwa cha L24 kina ekzosi na manifoldi ya kuingiza (bomba la kupeleka hewa na petroli kwenye injini) upande mmoja, kwa hiyo kabureta zinakaa juu ya moto. Bomba la petroli nalo linazunguka mbele ya kichwa, karibu na thamostati. Gari ikitembea, upepo unapoza; ikisimama, petroli inageuka mvuke bombani na pampu haisukumi mvuke.

Angalia vitu vitatu. Vile vipande vinene vyeusi vya kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi vipo, au fundi ameweka gasketi nyembamba tu? Bati la kukinga joto lipo? Na muhimu kuliko vyote, bomba la kurudisha petroli tangini: likiziba kwa kutu, petroli haizunguki, inakaa pale inapikwa. Lichomoe ncha zote mbili, upulize hewa.

Weber zinakaa palepale juu ya ekzosi. Joto litakuwa lilelile.

BluuZ
Cheche ni ya bluu. Filta ina mapovu matupu gari ikizima. Bomba la kurudisha halipitishi hewa kabisa, na vile vipande vinene havipo.

MzeeWaSU
Basi umeipata. Badilisha bomba na mipira yote, rudisha vipande na gasketi pande zote mbili. Usikubali pampu ya umeme ya injini za sindano za kisasa. Inatoa presha ya psi 40 na SU inataka kama 3.5, petroli itafurika kwenye ekzosi.

Ukimaliza, seti upya kwa mpangilio huu: nafasi ya vali injini ikiwa na joto, milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutolea, kisha taimingi ya moto, kabureta mwisho. Nati ya mchanganyiko wa petroli na hewa pandisha hadi juu, shusha mizunguko miwili na nusu. Inua pistoni ya kabureta milimita moja: mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi, ikitaka kuzima, ni kidogo, ukipanda kidogo ukarudi, acha hapo. Juu ya pistoni hiyo ya kabureta weka oili SAE 20. Wengi wanajaza 20W-50, na gari inakuwa nzito ukikanyaga.