MREJESHO: Bibi wa mama mkwe tumempata, ni wa Cork, Ireland

Wakuu, niliwauliza namna ya kumtafuta bibi yake mama mkwe wangu, aliyehama Ireland akaolewa Boston. Tulikuwa na jina lake tu.

Asanteni sana mliosema nianze na cheti cha ndoa cha Marekani. Rejista ya Massachusetts, jimbo lenye Boston, imetaja wazazi wake wote wawili, na mama kwa jina lake la usichana. Bila jina hilo nisingefika popote.

Ndoa za Wakatoliki Ireland zilianza kuandikishwa serikalini mwaka 1864, na wazazi wake hawa walioana kabla ya hapo. Basi nikaingia kwenye vitabu vya parokia ambavyo Maktaba ya Taifa ya Ireland imeviweka mtandaoni bure. Mwandiko umefifia, majina yako kwa Kilatini. Usiku wa nne nikaiona ndoa yao, kisha ubatizo wa watoto sita. Wa tatu ndiye bibi yetu! Mama mkwe alilia, nami nikalia naye.

Shahidi mmoja wa ndoa hiyo ana jina la ukoo la bibi harusi, nadhani ni kaka yake. Sasa namtafuta huyo kwenye sensa ya 1901.