Tupeane uzoefu: kwenda kumwona bibi na kurudi na imani iliyochangamka

Mjukuu_Marangu
Wakuu, Desemba inabisha hodi. Watu wa Moshi tunajuana: sukari, miche ya sabuni, kitenge, safari. Ila bibi anachotupa kinazidi tunachombebea. Mliozoea kukaa na bibi wa maombi, tupeni mbinu, mtu asirudi na ndizi tu.

MzeeWaUsharika
Anza na hela. Usimwachie noti ya elfu kumi. Vunja: sarafu za mia tano na noti za elfu, ili kila Jumapili awe na cha kapuni na cha bahasha ya ahadi. Ibada ikiisha kuna mnada. Mkungu aliotoa yeye ununue wewe. Kama miguu imegoma, ongea mapema na mwinjilisti ili mchungaji apange kumletea Meza ya Bwana nyumbani. Msimvamie mchungaji Jumamosi jioni.

DadaKibosho
Sisi Wakatoliki tunaanzia kwa katekista au mwenyekiti wa jumuiya. Na rozari ya bibi usiihamishe ilipo, utasemwa.

FundiRedio
Biblia yake iliyochakaa msiibadilishe! Kurasa za mbele zina tarehe za kuzaliwa, ubatizo, vipaimara na misiba ya ukoo mzima, mara nyingi kwa penseli. Zipige picha mchana karibu na dirisha, bila taa ya simu. Taa inang'arisha karatasi na penseli inapotea. Mpya ya maandishi makubwa iongezeke tu.
Kama macho yamekwisha, redio ndogo ya kadi yenye Biblia ya sauti. Shida yake ni vitufe vingi: bandika kipande cha plasta kwenye cha kuwashia, akipapase.
Masikio nayo: usipayuke. Kaa upande wa sikio zima, sauti nzito, polepole. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, ndiyo maana anawasikia wajomba na hawasikii wajukuu wa kike.

Kidampa
Plasta! Naunga mkono hoja.

BintiSayuni
Mfunge pamoja naye siku tatu. Maombi ya bibi aliyefunga hayaanguki chini.

NesiWaZamu
Dada, hapo hapana. Bibi mwenye kisukari akichoma insulini au akimeza baadhi ya vidonge halafu asile, sukari inashuka, maana dawa inaendelea kazi na tumboni hamna kitu. Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha anaongea yasiyoeleweka. Hapo ndipo ukoo huzunguka kitanda na kuanza kukemea mapepo, dakika zinakwenda! Kama anameza vizuri: vijiko vitatu vya chai vya sukari, vilivyojaa, kwenye nusu kikombe cha maji. Subiri dakika 15, rudia kama hana nafuu, kisha ale. Akizimia usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, tafuteni gari la hospitali.

BintiSayuni
Kwa hiyo imani haiponyi? Ana wa Luka 2 alikuwa mjane wa miaka 84 na alifunga.

NesiWaZamu
Ana hakuandikiwa insulini, dada yangu. Aombe, ila ale. Akitaka kufunga, daktari wake aulizwe kwanza.

Kidampa
Kreti ya soda ya Krismasi je?

NesiWaZamu
Kreti kunywa wewe. Chupa moja ifungie kabatini kwa dharura.

Rombo_Juu
Turudi kwenye mada jamani. Ukifika na mahubiri ya mjini, bibi atanyamaza kwa adabu na umekosa ulichofuata. Mweleze lako kwa kifupi, kazi imekwisha au ndoa inayumba, halafu muulize yeye alivukaje njaa na misiba. Msomee Zaburi 71, ni ya mzee kabisa, au 2 Timotheo 1:5 alipotajwa bibi Loisi. Kisha achague wimbo mwenyewe. Hata aliyeanza kusahau majina, beti za utotoni mara nyingi bado anazo.
Kurekodi: omba ruhusa, simu ikae juu ya kanga iliyokunjwa ili meza isivume, karibu naye, mbali na jiko, hali ya ndege. Mpelekee pia picha za wajukuu, majina nyuma kwa herufi kubwa. Wengi huwaombea mmoja mmoja.

MzeeWaUsharika
Na majina yawe yote. Ukimruka mtoto wa shemeji, kesi itakufuata mpaka Dar.

Mjukuu_Marangu
Asanteni. Mzee, kwenye mnada nifike na bei gani?

MzeeWaUsharika
Usitaje wa kwanza. Wakijua umetoka mjini, mkungu unapanda wenyewe.