Tamthilia ya mazungumzo ikigeuzwa filamu ya vichekesho: maneno yafyekwe au yaachwe?

Wadau, kuna hoja inayorudiwa sana kwamba tamthilia inayosimama kwa mazungumzo, ikipelekwa kwenye filamu, lazima maneno yafyekwe na wahusika wapelekwe mandhari ya nje ya chumba, la sivyo mtazamaji atasinzia. Nakataa, tena kwa moyo wote.

Chukueni The Front Page ya Ben Hecht na Charles MacArthur, iliyopanda jukwaani Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, mwaka 1928. Tamthilia nzima inapita ndani ya chumba cha waandishi wa habari kwenye jengo la mahakama ya jinai, Chicago, usiku wa kuamkia kunyongwa kwa mtu. Mwaka 1940 mwongozaji Howard Hawks akaifanya filamu ya vichekesho, His Girl Friday. Mwandishi wa habari Hildy Johnson, aliyekuwa mwanamume kwenye tamthilia, akawa mwanamke, tena mtalaka wa mhariri wake Walter Burns. Mabadiliko makubwa hayo, sikatai, na mwanzoni ameongeza ofisi ya gazeti na mgahawa. Lakini mazungumzo hakuyaonea haya. Alichofyeka ni kimya kilichokuwa katikati yake.

Wahusika wanadakizana mwanzo mwisho. Hawks mwenyewe alieleza siri yake: sentensi ziliongezewa maneno yasiyo na uzito mwanzoni na mwishoni, ili mtu akikatizwa, kiini cha usemi wake kisipotee. Huo ndio ufundi ninaoutetea. Jukwaani mwigizaji husubiri kicheko kitulie ndipo aendelee. Kwenye filamu hasubiriwi mtu. Ukiacha pengo na watu wasicheke, mzaha umekufa.

Tazameni pale Hildy anapopiga taipu habari yake. Mchumba wake Bruce anambembeleza waondoke kwa treni, Walter yuko kwenye simu anaamuru ukurasa wa kwanza upangwe upya, na mfungwa aliyetoroka kajificha ndani ya dawati chumbani humohumo. Hildy anajibu nusunusu, macho kwenye karatasi. Nacheka mpaka machozi, na papo hapo namwonea huruma Bruce, maana amekwisha kumpoteza mwanamke huyu na ni yeye peke yake ambaye hajajua. Yote hayo ndani ya kuta nne.

Sasa anayesema maneno yafyekwe anijibu: kati ya Hildy, Bruce na Walter, hapo angemnyamazisha nani?