Tupeane uzoefu: kitabu chako cha kwanza cha sauti ulikirekodi nyumbani, kifaa gani kilikutesa na ilikuwaje mpaka ukapona?

Mtoa mada

Wakuu habari za muda huu. Nimeandika kitabu changu nikasema nikisome mwenyewe, nikanunua maiki, hedifoni na ile interfesi, kaboksi ka kuchomekea maiki kwenye laptopu, nikajua kazi imeisha kumbe ndo kwanza inaanza. Nimerekodi sura tatu nzima, kama masaa manne ya kusoma na kurudiarudia, usiku kumetulia navaa hedifoni nisikilize nasikia kuna mvumo chini ya sauti, mmmmmm haukatiki, halafu juu yake kuna kamlio kembamba kama mbu. Nikipandisha geini, ile nguvu ya kukuza sauti ya maiki, na wenyewe unapanda, nikishusha sauti yangu inapotea. Nimebadilisha kebo, nimehama chumba, nimezima feni, upo tu.

Nimebakiza kidogo ninunue maiki nyingine ya bei kali zaidi. Kabla sijafanya huo ujinga naomba mliopita huku mnisimulie ya kwenu, ulidhani tatizo ni nini na mwisho ikawa nini. Hata kama ni la aibu leta tu.

#2

Usinunue kitu mkuu. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi dakika moja kwa betri, sikiliza. Naweka dau huyo mbu anaondoka.

Mimi alinitesa wiki mbili. Nilikuwa nafunika maiki, nazima taa, naenda mpaka kumsikiliza jirani ukutani nione kama ni yeye, kumbe chaja inatoa kelele za umeme zinapita kwenye waya wa USB mpaka kwenye interfesi na zinaingia kwenye rekodi kabisa. Huo mvumo mzito ni kesi nyingine, huo mara nyingi ni umeme wa ukutani wenyewe, maana unapiga mara 50 kwa sekunde, kuna nchi ni 60, na ukiuchungulia kwenye grafu ya masafa unaona kamnara kwenye hetzi 50, kengine 100, kengine 150, zimejipanga kama ngazi. Unaingia kirahisi pale laptopu iko soketi hii, spika ziko soketi ya upande wa pili wa chumba, zote zimeunganishwa na interfesi, ethi, yaani waya wa ardhini wa umeme, inafanya duara. Mimi nilichomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, spika nikazitoa kabisa, kimya kikarudi. Ukikuta grafu ina hiyo ngazi ujue mara nyingi maiki haina kosa, hata ubadilishe tano.

#3

Ngoja nianze na la aibu kama ulivyosema. Maiki yangu ni kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo, tena zile za kuongelewa ubavuni, mimi nikawa naiongelea utosini kama mwimbaji jukwaani. Sauti inatoka kama niko chumba cha pili na mlango umefungwa. Nikapandisha geini, nikafunga mablanketi, nikailaani sana hiyo maiki, nikakaribia kuirudisha.

Siku moja nikaizungushia mkono huku naongea, "hapa juu, hapa kushoto, hapa mbele, hapa nyuma", nikasikiliza, ile "hapa mbele" ikatoka nzito na ya karibu mpaka nikashtuka. Mbele ni ule upande wenye nembo. Sura nne nilizirudia zote. Hilo zoezi la kuzungusha na kutaja upande lifanyeni hata kama mna uhakika, ni sekunde ishirini.

#4

Wewe afadhali uliongea na maiki. Mimi niliongea na laptopu. Maiki mpya iko mezani imewaka taa ya kijani, programu yenyewe imechagua maiki ya ndani ya laptopu na sikuangalia. Siku hizi kabla ya kurekodi nakwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha, nisiposikia mkwaruzo mkali kwenye hedifoni sianzi.

#5

Kwenye taa kuwaka niongezee kidogo, taa haimaanishi kitu. Waya wangu wa USB ulikuwa wa kuchajia tu, ndani hauna nyaya za data, maiki inapata umeme inawaka vizuri lakini kompyuta haiioni. Nimefuta programu, nimerudisha programu, nimebadili laptopu ya watu, kisa waya.

#6

Mimi vifaa vilikuwa salama, chumba ndo kilikuwa kinaniua, na naona watu wengi mnakilaumu chuma wakati kosa ni la ukuta. Piga kofi moja katikati ya chumba, ukisikia mlio unarukaruka baada ya kofi, na sauti yako itaruka hivyohivyo na kuitoa baadaye ni shida sana. Nilianza na trei za mayai, nimebandika ukuta mzima, nimejaza gundi mpaka kwenye nywele, matokeo sifuri. Trei ni nyepesi mno, sauti ya mtu mzima inapita kama haioni. Kinachomeza mwangwi ni kitu kinene na laini, magodoro, mablanketi mazito, nguo zilizoning'inia. Nikaishia kurekodia kwenye kabati la nguo, mlango wazi, mimi nimeipa mgongo chumba na uso kwenye makoti, na nyuma yangu blanketi limetundikwa. Joto lake msiulize.

Halafu meza. Watu wanasahau kabisa meza na skrini, sauti inagonga meza inarudi kwenye maiki imechelewa kidogo inatoa sauti ya debe, nikatandika taulo nene pale chini ya maiki ikapungua nusu. Laptopu nikaitoa nje ya kabati kwa waya mrefu kwa sababu feni yake ilikuwa inasubiri nifike sehemu ya huzuni ndo iamke. Na friji nazima nikirekodi, ila nilishawahi kusahau kuiwasha mpaka kesho yake, sasa hivi naweka funguo za gari ndani ya friji, siwezi kutoka nyumbani bila kukumbuka.

#7

Hahaha dada hiyo ya funguo naiiba.

Mimi niseme kuhusu geini maana mtoa mada kagusa. Nilinunua maiki ya dainamiki kwa kuwa watu wanasifia haichukui kelele za chumba, zile za familia ya Shure SM7B, hakuna aliyeniambia zina sauti ndogo kiasi kwamba zinataka geini ya kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na interfesi yangu ilikuwa inafika hapo kwa kuhema, inatoa shshshsh kama mvua ya mbali. Nikarudi kwenye kondensa ya kawaida ikatulia. Kumbuka tu kondensa inataka ule umeme wa volti 48, kuna kitufe kwenye interfesi, usipokibonyeza utakaa unasema "moja mbili" mpaka kesho.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa hesabu. Vipimo vya ACX, ile huduma ya Audible ya kupokea vitabu vya sauti, vinataka wastani wa sauti uwe kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisizidi -3, kelele za chini, zile za ukiwa kimya, zisizidi -60. Mimi napima ukimya wa chumba napata -62, nashangilia. Sasa sauti yangu nilikuwa nimeirekodi ndogo, wastani -28, ili ifike -20 lazima niipandishe desibeli 8, na kelele nazo zinapanda 8 hizohizo, kutoka -62 zinakuwa -54, nimefeli. Miezi najiuliza mbona asubuhi nafaulu jioni nafeli faili lilelile. Pima kelele baada ya kupandisha, na dawa yake ni kusogelea maiki, shibiri moja kati ya mdomo na maiki, kidole gumba mdomoni na kidole kidogo kwenye popfilta, kile kichujio cha pumzi mbele ya maiki. Ukisogea sauti inakua, chumba hakikui.

Mtoa mada

#7 umenifumbua, mimi niko kama nusu mita, nilikuwa naogopa zile pumzi za "p" na "b".

#7

Kaa karibu ila maiki iwe pembeni kidogo ya mdomo, inakutazama wewe lakini wewe unatazama mbele. Pumzi inapita pembeni.

#8

Kuna mtu atakwambia weka programu ya kuondoa kelele yaishe. Nilifanya hivyo kitabu kizima, mvumo umeondoka na mimi nimeondoka nao, nasikika kama nasoma nikiwa ndani ya maji, kila mwisho wa neno kuna kajimlio kama sarafu. Masaa sita ya kazi. Hizo programu zinafanya kazi kwa kelele kidogo tu ya kudumu, unazipa sekunde chache za ukimya wa chumba chako zijifunze, unatoa kidogo unaishia hapo. Ukiona unabonyeza mara ya tatu rudi kwenye chanzo.

Na kuna nyingine inakuja bila kuitwa. Maneno yangu yalikuwa yanakatika mikia, "akafika" inatoka "akafi", nikadhani ni maiki mbovu, kumbe kompyuta yenyewe ina uboreshaji wa sauti umewashwa kwenye setingi za maiki, unaamini kila sauti ndogo ni kelele unaikata. Unafaa kwenye vikao vya video, kwenye kusoma hadithi ni janga. Nendeni mkazime, na ukisasisha mfumo rudi ukaangalie tena, kwangu umejiwasha mara mbili.

#9

Sikio la kushoto tu. Nilidhani hedifoni imekufa nikanunua nyingine. Maiki iko tundu la kwanza, traki ni ya stirio, yaani kila sikio na sauti yake, weka mono, sauti moja kote, basi.

#10

Yangu ni ya ajabu kidogo. Nimerekodi sura ya kwanza, kesho nasikiliza, mwanaume ana sauti nzito, mtulivu, nikasema aisee mbona nina kipaji. Mke wangu akasikiliza akauliza ulikuwa unaumwa? Kumbe interfesi ilikuwa inarekodi sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48000 kwa sekunde na faili limeandikwa kuwa ni 44100, kwa hiyo kila kitu kinachezwa taratibu, dakika kumi zinakuwa karibu kumi na moja na sauti inashuka. Nikaweka 44100 kote, kwenye kompyuta, kwenye programu, kwenye interfesi, nikarudi kwenye sauti yangu ya kawaida ya kina sisi. Inauma kidogo.

#11

Hedifoni za blututhi msitumie. Maiki yake ikiwashwa tu na usikivu unashuka unakuwa kama wa simu, na kinachokujia masikioni kimechelewa, unaanza kusoma polepole bila kujua unajisubiri. Tumia za waya, tena zilizofunika sikio, zisivujishe.

#12

Mimi nina maoni tofauti, mnamzungusha tu mtoa mada. Maiki ya bei rahisi ni ya bei rahisi, nunua nzuri upumzike. Nilivyobadilisha yangu shida zote ziliisha.

#6

Ulibadilisha maiki peke yake?

#12

Na chumba. Nilihama nyumba kipindi hichohicho.

#6

Sawa.

#13

Nilikuwa na tik tik kwenye rekodi kama mtu anapasua kuni mbali. Nilizifuata kote, USB ilikuwa kwenye habu moja na kipanya na diski, nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu zikapungua, nikaongeza bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inaishika kabla ya kuichakata, kwenye programu zikapungua tena, zilizobaki nikakuta ni za kinywa changu. Mate yakikauka ulimi unapiga tik. Maji, kidogokidogo, kuanzia saa moja kabla, ukinywa ukiwa umeshakaa umechelewa. Kutofautisha ni rahisi, rekodi dakika mbili ukiwa kimya, tik ikiwepo ni ya mashine, isipokuwepo ni yako.

Mtoa mada

Narudi na majibu. Mbu alikuwa chaja, #2 dau lako umelipata. Mvumo ulibaki ila ukapungua, nikawa nachomoa kitu kimojakimoja narekodi nusu dakika, nakitaja kwa mdomo kabla ili nisichanganye, mpaka nikafika kwenye taa ya mezani, ile ya kupunguza mwanga kwa kuzungusha. Ndo yenyewe. Nimeiweka nusu mita kutoka kwenye maiki siku zote ili nione maandishi, na nilipohama chumba nikahama nayo. Nimesogea shibiri moja, nimeshusha geini, nimepima baada ya kupandisha, kelele ni -63, mwanzo zilikuwa -47.

Swali dogo, sura tatu za mwanzo nikizisafisha kidogo zinaweza kukaa pamoja na mpya?

#3

Hazitakaa. Wa nusu mita na wa shibiri ni watu wawili tofauti, msikilizaji atashtuka sura ya nne. Rudia. Na bandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni miguu ya kiti ilipo na ya stendi ya maiki ilipo, piga picha namba ya geini, na kila siku kabla ya kuanza sikiliza dakika moja ya jana ujiweke kwenye sauti ile.

#8

Na acha sekunde kama tatu za ukimya mwisho wa kila sura, ukimya wa chumba chenyewe na sio wa kuchora kwenye kompyuta, utauhitaji kuzibia sehemu utakazokata.

Mtoa mada

Haya narudia. Naanza kesho alfajiri mtaa haujaamka. Chaja nje, taa nje, friji nazima, gari sina kwa hiyo nimeweka viatu.

#6

Kwenye mfuko lakini.