Wenye yadi na wauza matairi wa Dar, acheni kutuuzia "itaingia tu". Mtatuulia watu barabarani

Wakuu, nina hasira. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Pikapu yangu ni Hilux dabo kebini, nimeinunua kwenye yadi moja hapa Dar ambayo jina lake kwa sasa sitalitaja. Inavaa matairi ya 265/65R17, yaani upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, ringi inchi 17. Siku ya makabidhiano nilimuuliza muuzaji kuhusu tairi la spea, akajibu mbele ya mdogo wangu kwamba ipo, ni nzima na ni saizi ile ile. Nililipa nikiwa na neno lake hilo.

Wiki iliyopita nimetoka na mzigo wa vigae kwenda Chalinze. Kabla ya kufika Mlandizi, tairi la nyuma kushoto likabasti. Tumeweka mawe, tumepiga jeki, tumeteremsha spea kutoka chini ya bodi. Ni 205R16 kwenye ringi ya chuma! Ubavuni imeandikwa 4112. Kwa asiyejua, hizo tarakimu nne ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: wiki ya 41 ya mwaka 2012. Gari lenyewe halijafikia umri huo. Ina maana kuna mtu alishusha spea halisi, akaiuza au akaifunga kwenye gari jingine, kisha akapachika lile bovu pale chini akijua mnunuzi hatalala kwenye vumbi la yadi kuchungulia. Huo ni wizi, na nauita wizi.

Nikapiga simu yadi. Jibu: "Mzee, spea ni spea, hiyo itaingia tu, ina matundu sita."

Ndiyo, matundu ni sita na nati zinafunga. Lakini tairi la 265/65R17 lina urefu wa milimita 776 hivi kutoka chini hadi juu, na lile la 205R16 halizidi 743. Ni zaidi ya sentimita tatu pungufu. La kwanza linazunguka kama mara 410 kwa kilometa moja, la pili karibu mara 429. Ukilifunga nyuma, kwenye ekseli inayosukuma gari, magurudumu mawili yaliyotakiwa kwenda sawa barabara ikinyooka yanapishana mizunguko zaidi ya 900 kwa kilometa 50 tu. Tofauti hiyo inabebwa na vile vigea vidogo ndani ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli), ambavyo vimetengenezwa kufanya kazi wakati wa kukata kona. Wewe unavifanyisha kazi safari nzima, tena ukiwa na mzigo. Oili inachemka, vyuma vinasagika. Bei ya difu ya Hilux pale Gerezani mnaijua.

Fundi wa pancha aliyefika na pikipiki alitaka afanye hivyo hivyo, afunge nyuma twende zetu na vigae vyetu. Aliyetuokoa ni dereva mmoja wa lori la saruji, mtu mzima, aliyesimama bila kuombwa. Akasema: "Ng'oeni la mbele mlipeleke nyuma, hilo dogo lifungeni mbele, mzigo shusheni, na fowili msiiguse." Fowili ni ule mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne. Tukafanya alivyosema. Gari hili likiwa kwenye mwendo wa kawaida linasukumwa na nyuma pekee, kwa hiyo difu ya mbele inazunguka bila kubeba nguvu ya injini na tairi dogo pale mbele halina madhara makubwa. Ukiingiza fowili kwenye lami kavu, mbele na nyuma vinafungwa pamoja na hakuna difu ya katikati ya kusawazisha; kitakachokatika ni chochote kilicho dhaifu hapo kati. Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki) iliwaka njia nzima kwa sababu gurudumu moja lilikuwa linaonekana linakimbia kuliko mengine, na usukani ulikuwa unavuta upande. Tulirudi Dar pole pole, huku vigae vikiendelea na safari kwa kenta ya kukodi ambayo nimeilipa kutoka mfukoni mwangu. Mzee wa lori, popote ulipo, Mungu akubariki.

Sasa sehemu ya pili ya hasira: kutafuta matairi.

Kariakoo, duka la kwanza, nimetaja saizi kwa sauti na nimeonesha picha ya kile kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kijana ananiletea 225/65R17, namba ya mzigo 102. "Ringi ni 17, bosi, itaingia tu, na bei iko chini." Hayo ni matairi ya Harrier! Ni mazuri kwa Harrier. Namba 102 maana yake tairi moja linabeba kilo 850. Tairi la kawaida la 265/65R17 la gari langu ni 112, yaani kilo 1,120. Tofauti ya kilo 270 kwa kila tairi, kilo 540 kwa ekseli ya nyuma, kwenye gari linalobeba vigae, saruji na nondo. Juu ya hapo tairi lenyewe ni fupi kwa sentimita tano, kwa hiyo gari linashuka, na spidi mita ikikuonesha 100 wewe uko kwenye 93. Nimemweleza yote hayo. Akanijibu kwamba wateja wengi wanafunga na hawajalalamika. Ndugu yangu, aliyepasukiwa na tairi pale Mdaula akiwa na abiria nyuma atarudije dukani kwako kulalamika?

Duka la pili walikuwa na saizi yenyewe. Nikaomba tochi, nikasoma tarehe. Moja la 2023, jingine la 2018, yote yamepakwa dawa yanang'aa na yote yanauzwa kwa bei ya mapya. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, na stoo za bati za mji huu mnajua joto lake. Toyota wenyewe kwenye vitabu vya magari yao wanaagiza tairi lililozidi miaka sita lipimwe na fundi hata kama halijatumika sana, na makampuni makubwa ya matairi yanasema likifika miaka kumi litoke barabarani, spea ikiwemo. Leo mtu ananiuzia tairi ambalo umri wake mwingi umeishia stoo, na nikimuuliza tarehe ananikunjia uso kana kwamba nimemtukana mama yake. Matairi mtumba yaliyochongwa kashata (mifereji ya juu ya tairi) upya kwa kisu cha moto sitayazungumzia sana. Anayechonga tairi kipara na kuliuza anajua anachofanya, na nafasi yake ni mahakamani.

Nimepata mwishowe, kwa muuzaji wa Ilala aliyeniacha nisome kila tairi. Nimenunua matano yanayofanana: saizi moja, aina moja, ya mwaka mmoja, la tano likae chini ya bodi. Nimechukua yenye herufi LT, yaani ya magari madogo ya mizigo, namba ya mzigo 120/117. Ile namba ya kwanza ni mzigo wa tairi likiwa peke yake upande mmoja, kilo 1,400. Ya pili ni kwa magari yenye matairi pacha nyuma. Kwa anayebeba mzigo nashauri hayo, ila yanadai upepo mwingi kuliko ya kawaida ili yabebe uzito ule ule, kwa hiyo usimwachie kijana wa upepo akadirie kwa kulipiga teke. Kwa mwenye dabo kebini ya kupeleka watoto shule na kwenda ofisini Posta, 112 inatosha kabisa na gari litatulia zaidi. Na hawa vijana wanaofunga matairi ya matope yenye meno makubwa ili gari lionekane la porini, halafu linashinda Mikocheni: mvua ya masika ikinyesha kwenye lami yale hayashiki breki vizuri, na kelele yake ni ya bure.

Kama mfuko hauruhusu matano, nunua mawili yanayofanana na uyafunge ekseli moja. Usikubali moja moja la kushoto na kulia yasiyolingana, hasa nyuma.

Nirudi kwa yadi. Nimewaandikia barua nikidai vitu viwili: spea ya saizi ya gari kama walivyotamka, na fedha ya kenta. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na mdogo wangu aliyasikia maelezo kwa masikio yake. Wasipojibu, nakala inakwenda Tume ya Ushindani, FCC. Wameshanitumia ujumbe wa kunipoza na kuniahidi "zawadi ya seti ya mazulia ya gari". Sitaki mazulia. Nataka spea.

Na wauza matairi: kwenye risiti ya EFD andikeni saizi, namba ya mzigo na zile tarakimu nne za tarehe. Mstari mmoja tu. Anayeuza tairi zuri hana cha kupoteza kwa kuuandika. Mimi sitanunua tena kwa anayeniandikia "tairi pc 2" kisha anasema bidhaa ikitoka haibadilishwi.

Wenye pikapu mlionunua kwenye yadi, teremsheni spea leo mkiwa nyumbani, someni saizi na tarehe, mkalinganishe na kibandiko cha mlango. Mkikuta kama yangu, pigeni picha kabla ya kurudi kwa muuzaji. Na kama kuna aliyewahi kubadilishiwa spea kwa gharama ya yadi, naomba aandike hapa alidai vipi na ilichukua muda gani, maana wangu hawa wanasubiri nichoke.