Toleo jipya la programu ya kuazimana vitabu: linapendeza kwa macho, kuazima kitabu ndiyo balaa

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na una hasira, asiyetaka apite.

Tumeletewa majalada makubwa, rangi laini na mabango yanayojisogeza yenyewe. Sawa. Ila aliyesanifu alikuwa anawaza duka. Dukani mambo huisha mteja akishalipa, lakini kitabu cha kuazima kina hatua tano na watu wawili: kimeombwa, kimekubaliwa, kimekabidhiwa, kinadaiwa, kimerudi. Toleo hili linajua hali mbili tu, "Kipo" na "Hakipo". Mtu akibonyeza "Omba" na mwenye kitabu asijibu, kitabu kinaandikwa "Hakipo" na kubaki hivyo hadi Kiyama, kumbe kimelala kabatini. Ombi lisilojibiwa life lenyewe baada ya saa 72, na anayefuata kwenye foleni apate arifa. Kurudisha nako kuwe na vitufe viwili: "Nimerudisha" kwa aliyeazima, "Nimepokea" kwa mwenye mali. Sasa hivi aliyeazima akibonyeza peke yake deni linafutika. Hapo ndipo vitabu vinapopotelea, na mwenyewe hana pa kushika.

Kibaya zaidi, nakala zote za kitabu kimoja zimeunganishwa kuwa ingizo moja. Watu watatu wana kitabu kilekile, ombi linaenda kwa wa kwanza tu hata kama cha kwake kimetoka. Jamani, jina la kitabu ni kitu kimoja, chapa ni kingine, nakala iliyo mkononi mwa mtu ni kingine kabisa. Hali ya "kimetoka" inakaa kwenye nakala. Hilo lilipaswa kuamuliwa kwenye hifadhidata kabla mtu hajachora skrini hata moja.

Kuongeza kitabu sasa ni lazima uskani msimbo pau. Mmefuta fomu ya kuandika kwa mkono! Namba za ISBN, zile za utambulisho wa kitabu zinazobebwa na msimbo pau huo, zilianza kutumika mwaka 1970. Vitabu vya kabla ya hapo havina, na vijitabu vingi vya kujichapishia navyo havina. Vya kabla ya 2007 vingi vina tarakimu 10, nyingine zikiishia na herufi X, na programu inazikataa kwa ujumbe wa "Kosa limetokea". Kosa gani? Kuzibadili ziwe za tarakimu 13 za siku hizi ni hesabu ndogo: ondoa tarakimu ya mwisho, tanguliza 978, zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana, jumlisha, kisha tafuta kinachopungua kufikia kumi inayofuata. Hicho ndicho tarakimu mpya ya mwisho. Jumla ikiishia na 0, nayo ni 0. Na skana isipokee kila msimbo pau inaouona. Namba yake isipoanza na 978 au 979, hiyo si ISBN, huenda ni kibandiko cha duka.

Kutafuta ndiyo kichekesho. Andika ng'ombe kwa alama iliyonyooka, unapata orodha. Andika kwa alama iliyopinda, ambayo kibodi nyingi za simu huiweka bila kukuuliza, unaambiwa "Hakuna matokeo". Kwa seva hizo ni herufi mbili tofauti. Zigeuzeni zote kuwa moja pande zote mbili, kwenye faharasa (orodha ambayo seva hutafutia) na kwenye neno linalotafutwa. Ukirekebisha upande mmoja tu, hujafanya kitu.

Makabidhiano hufanyika popote, hata pasipo na mtandao. Kitufe kinazunguka, kinazunguka, kisha kinasahau. Kitendo kihifadhiwe kwenye simu pamoja na saa kilipofanyika na namba yake ya pekee, kitumwe mtandao ukirudi. Bila namba hiyo seva inaweza kukipokea mara mbili na kitabu kimoja kikaandikwa kimetoka mara mbili.

Maandishi ya tarehe ya kurudisha ni kijivu cha #999999 (huo ni msimbo wa rangi) juu ya nyeupe. Utofauti wa mwangaza kati yake na nyeupe haufiki hata 3 kwa 1, wakati kiwango cha WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa zisomeke na kila mtu, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Wekeni #767676 au nyeusi zaidi. Kitufe cha "Futa" nacho kimebanwa na "Hariri", vyote vidogo kuliko kidole. Dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini) kila upande ndiyo kiasi kinachoshauriwa kwenye Android.

Nililoliacha mwisho ni la kuzimwa leo leo: ramani inaonyesha nyumba ya mwenye kitabu. Latitudo na longitudo zake zina desimali tano, na kwa desimali tano unamwelekeza mtu hadi mlangoni. Zikatwe zibaki mbili, ambazo ni takriban kilomita moja, na zikatwe kwenye seva, maana mkizificha kwenye skrini tu, mjuzi atazisoma kwenye majibu ya seva. Picha za majalada pia zisafishwe taarifa za mahali zilipopigwa kabla ya kupakiwa.

Wasanifu mkipita hapa, msituletee "tutalifanyia kazi". Semeni ramani inazimwa saa ngapi.