Naomba ushauri: harusi ya Aprili Kisumu, bustani au ukumbi?

Hamjambo wapendwa. Naomba mawazo yenu, hasa mliofanyia harusi pande za Kisumu.

Ibada ni asubuhi kanisani Milimani, mwezi wa Aprili, wageni kama 200. Mchumba wangu anataka bustani karibu na ziwa, upande wa Dunga. Ni pazuri mno na bei tunaiweza. Lakini Aprili ni masika, na mvua ya huku hupenda kushuka alasiri, saa za kukata keki. Tulienda kupaona siku iliyonyesha, visigino vikazama kwenye ule udongo mweusi. Gauni nililokodi lina mkia mrefu wa lesi, na likichafuka nalipa faini.

Ukumbi tuliopata mjini unaingiza watu 150 tu. Mwenye hema anasema ataweka kuta na sakafu ya mbao, ila gharama inapanda sana. Tarehe hatuwezi kuisogeza, kanisa limeshaipanga.

Je, hema la aina hiyo linahimili mvua yenye upepo wa ziwani, au heri tupunguze wageni tuchukue ukumbi? Na mkia wa gauni la kukodi, fundi anaweza kuukunja kwa vifungo bila kuharibu lesi? Bustani wanataka malipo ya kwanza Ijumaa.